Pikiniki ya mlimani iliyomuua shemeji yangu, na uongo nilioutia sahihi

Wakuu, salamu kwenu nyote mliomo humu.

Mimi ni mzee wa hapa Lubumbashi. Macho yamechoka, kwa hiyo mimi nasema na mjukuu wangu anabonyeza simu. Nimemkataza kupamba. Haya yalitokea, na sehemu kubwa yake inaniaibisha mimi mwenyewe.

Ni miaka ya hamsini, mji bado unaitwa Élisabethville. Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nafanya kazi kwa mzungu mmoja wa kutoka Scotland. Watu walimwita Mushe Skoti, yaani Bwana Skoti, na mimi nitamwita hivyo hivyo.

Mjini alikuwa na nyumba kubwa kama wazungu wengine. Ila roho yake ilikuwa kwenye nyumba ya likizo, aliyoijenga kwa mawe porini upande wa mto Lufira, chini ya milima. Alisema milima ile inamkumbusha kwao. Aliweka hadi mahali pa kuotea moto sebuleni, katika joto lile!

Mimi nilikuwa mpishi na mwongoza njia. Mlinzi wa nyumba alikuwa shemeji yangu Mwansa, mume wa dada yangu Veronika. Kazi ile nilimtafutia mimi. Waliishi nyuma ya nyumba na binti zao wawili, Agnès na Marthe.

Kila wikendi wageni walikuja na magari. Leo kuvua samaki, kesho kupiga makasia mtoni, keshokutwa kutazama ndege kwa darubini. Zaidi ya yote walipenda kutembea.

Wanakijiji wa pale waliniuliza, "Aba bazungu banaenda wapi?"

Nikawajibu hawaendi mahali. Wanapanda mlima, halafu wanashuka. Walicheka sana.

Sasa tufike kwenye siku yenyewe.

Ilikuwa mwezi wa tisa, mvua bado. Mnajua majani ya Katanga mwezi ule, yanavunjika kama biskuti. Mushe Skoti alikuja na mke wake na wageni wawili, mtu na mkewe. Tukapanda mlima asubuhi. Mimi mbele, Mwansa nyuma na vikapu.

Saa sita tukapumzika kwenye tambarare, majani yamefika kiunoni. Mushe akataka chai.

Chupa ya chai ilikuwepo, wakuu. Ya moto kabisa. Yeye akasema chai ya mlimani lazima ichemshwe mlimani, ndivyo walivyofanya kwao.

Nikamwambia, "Mushe, hapa hapana kuwasha moto. Majani iko mukavu, na mupepo iko mukali."

Akacheka. Akapanga mawe matatu kwa mkono wake na akawasha kiberiti kwa mkono wake. Hili nataka mlishike vizuri. Mwansa alikuwa mbali, anakata matawi ya kuwatengenezea kivuli.

Upepo uligeuka mara moja tu.

Sikuwahi kuona moto unaokimbia vile. Ulishuka upande wa kijiji, na wakati huo huo ulikula pembeni kutuzunguka. Nikawapigia kelele wanifuate kwenye korongo la kijito, palipokuwa na mawe matupu na maji kidogo. Tukafika wote sita tukiwa wazima.

Ndipo madamu, mke wa Mushe, akaanza kulia. Kamera yake na darubini ya mumewe zilibaki juu.

Mushe akamgeukia Mwansa. "Kwenda kuleta. Mbio!"

Mwansa akanitazama mimi. "Bofrere, majani inalia," akasema. Bofrere ni shemeji, na kulia alimaanisha ule mlio wa moto ukiwa karibu.

Nilikuwa na neno moja tu la kusema. Hapana. Lakini niliogopa tufukuzwe kazi sote wawili. Nikasema, "Kwenda, shemeji. Ukikimbia utafika."

Akaenda.

Tulimpata jioni, moto ulipopita. Sitaeleza tulichokiona. Kamera alikuwa ameilalia kifuani.

Chini kijijini hali ilikuwa mbaya vilevile. Maghala ya mahindi na mtama yaliungua karibu yote, pamoja na nyumba za watu. Hakuna aliyekufa huko, ila chakula cha mwaka mzima kilikuwa majivu. Watu wakataka kujua nani aliwasha.

Siku ya pili akaja mzungu wa serikali na karani wake. Kabla sijaitwa, Mushe Skoti alinivuta jikoni.

"Mwansa alikufa," akaniambia kwa Kiswahili chake kile. "Muntu ya kufa hapana kwenda kaburi mara mbili. Weye iko muzima. Fikiri."

Nikafikiri. Nikafikiri gereza, nikafikiri kiboko. Nikafikiri neno la mpishi dhidi ya wazungu wanne.

Karani akauliza, "Nani aliwasha moto?"

Nikasema, "Mwansa."

Nikatia sahihi. Padri alinifundisha kuandika jina langu, na siku ile ndiyo nililiandika vizuri kuliko siku zote.

Wakuu, nilidhani uongo ule utamgusa maiti tu.

Wanakijiji walikataa azikwe kwao. Tulimzika porini, mimi, Veronika, na katekista mmoja. Kwenye matanga hakuja mtu. Wanawake waliokuwa wakichota maji na dada yangu walimtemea mate mbele ya watoto. Wiki haikuisha akafungasha, akarudi Pweto kwa wazazi wetu.

Huko akawaondolea binti zake jina la baba yao. Hakumwombea misa hata moja. Akimtaja alimwita mupumbavu, mutu aliyeua chakula ya bantu.

Na mimi nilikaa nikisikiliza. Miaka na miaka. Uhuru ulikuja, Mushe Skoti aliondoka, mji ukabadili jina, sikuwa na mtu wa kumwogopa tena, na bado nilinyamaza.

Nilimwambia Veronika tukiwa wazee, uani kwake, anachambua samaki wakavu. Nilisema yote, pamoja na lile neno "kwenda".

Hakulia. Aliendelea na samaki, kisha akasema, "Miye nilimutukana bwana yangu mu kaburi. Weye ulikuwa unasikia."

"Ndiyo, dada."

"Kwenda kwa batoto, ubaambie na kinywa yako. Halafu usirudie hapa."

Nilikwenda. Agnès alifunga mlango kabla sijamaliza. Marthe alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza kaburi liko upande gani. Nikampeleka. Pori lilikuwa limefunika kila kitu. Nilimwonyesha mahali ninapodhani ni penyewe, sina hakika hadi leo.

Veronika hakunisemesha tena. Alipofariki nilikwenda Pweto kwenye msiba. Wajukuu zake walinipa kiti upande wa wageni, na nikakaa huko huko.

Nililojifunza ni hili. Ukimsingizia marehemu, anayebeba ni mjane wake na watoto wake. Na hofu ya siku moja unaweza kuielewa, hata kuisamehe. Kunyamaza baada ya hofu kuisha, hilo sijapata jina lake.

Nipigeni mawe kama mnaona inafaa, nitasomewa yote. Ila aliye na ndugu anayesemwa vibaya kwa sababu yake, na ndugu huyo bado ana watu wanaoishi, naomba aniambie hapa chini anangoja nini.