Pini ya Tairodi

Mkwewe, mume wa binti yake, aliondoka na trekta saa tatu asubuhi. Ilipokaribia saa nne, Bi Spana alikuwa ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, ametosheka na kazi yake, anapangusa vifaa kimoja kimoja.

Jina hilo la Bi Spana alipewa na majirani. Miaka ishirini na sita alitengeneza cherehani katika kiwanda cha nguo, na kiwanda kilipofungwa akarudi nyumbani na mikono isiyojua kukaa bure. Akaokota trekta dogo la bustani, lile la kukatia nyasi, kuukuu, limeota magugu mpaka kwenye kiti, akalifufua. Watu wakasema cherehani na trekta wapi na wapi. Yeye akawajibu, "Vyote vina mkanda, vyote vinataka mafuta, na vyote vinajua kununa." Tangu hapo banda la nyuma ya nyumba halikukosa mgonjwa.

Mgonjwa wa wiki hii alikuwa trekta la shule ambako mkwewe alitunza viwanja. Alilinoa visu, akalisafisha kabureta, akafungua tairodi, yaani kile chuma kinachopeleka amri ya usukani kwenye magurudumu ya mbele, akakitia kiungo kipya.

Sasa, akiwa pale juu ya ndoo, aliinua kitambaa kilichokuwa kando ya vifaa. Chini yake kulikuwa na pini.

Ilikuwa ndogo, nyembamba kama ya kubania nywele, mpya, haijakunjwa. Aliitazama kama mtu anayetazama nyoka ndani ya kiatu. Pini ile kazi yake ni moja: kuzuia nati ya tairodi isifunguke kwa mtikisiko. Akakumbuka. Alikuwa ameinama kuitia pale binti yake alipopiga simu kumwambia ana mimba ya miezi mitatu. Furaha ilimpanda kichwani, akaweka kila kitu chini. Aliporudi akashika grisi, pini akaisahau.

Akampigia mkwewe. Simu iliita mpaka ikakata. Nani asikie simu juu ya injini ile? Akapiga tena, akiwa tayari njiani, na spana mfukoni.

Shule ilikuwa mwendo wa robo saa kwa mtu mwenye magoti mazima. Uwanja wake uliteremka hadi kwenye mfereji wa mawe wenye kina cha kumzidi mtu kimo, na hilo ndilo lililomkausha mate. Alipokata kona ya ukuta akasikia injini. Inanguruma, basi yu hai. Akapumua. Kisha injini ikazima.

Hakuwahi kusikia kimya kizito namna ile. Alikimbia, yeye ambaye hakuwa amekimbia tangu binti yake azaliwe, huku midomo ikirudia neno moja, "Jamani, jamani." Alipofika langoni akamwona mkwewe. Alikuwa ameshuka kuondoa tawi tu. Sasa alikuwa anapanda tena, akawasha injini, pua ya trekta ikielekea mfereji.

Akaenda akasimama mbele ya trekta, mikono juu.

Mkwe akazima. "Mama? Nyumbani kwema?"

"Shuka, mwanangu."

"Kuna nini?"

"Shuka kwanza."

Alishuka. Bi Spana akapiga magoti, akaingiza mkono nyuma ya gurudumu, akaigusa nati. Haikuhitaji spana. Ilizunguka mara moja kwa vidole viwili ikamdondokea kiganjani. Akamwonyesha, akamweleza yote, hakujificha nyuma ya simu wala ya furaha.

Mkwe alitazama mfereji. "Pale nimeshashuka mara nne leo," alisema taratibu. Akaketi kwenye nyasi. "Mama, tusimwambie. Hali yake hiyo."

"Nitamwambia mimi. Akisikia kwa watu itakuwa makosa mawili."

Alikaza nati, akatia pini, akaikunja ncha zake huku na huku. Mkwe aliposogea kupanda, akamzuia. "Mimi kwanza." Akaliteremsha trekta mwenyewe mpaka hatua kumi kutoka mfereji, akaligeuza, akalipandisha, jasho limemlowesha mgongo.

Jioni binti yake alisikiliza simuni bila kukatiza.

"Na wewe umekula?" binti akauliza mwishowe.

Hakuwa amekula. Wala hakulala vizuri wiki nzima. Aliwaita wote aliowatengenezea matrekta mwaka ule, wakaja wakimtania kwamba Bi Spana ameanza kuzeeka. Pini zote zilikuwepo. Hata hivyo alilala chini ya kila trekta, akazigusa moja moja, na moyo wake ulidunda kwa kila moja kana kwamba ndiyo ile.