Ndoana Nyuma ya Uso wa Saa

Ukimuuliza fundi huyu kazi itachukua muda gani atakujibu, "Sekunde tu," na ukirudi baada ya wiki mbili utaikuta saa yako bado iko tumbo wazi chini ya glasi. Ndiyo maana mtaa mzima unamwita Bi Sekunde. Jina halimkeri. Kinachomkera ni mtu wa kumharakisha, na zaidi yake, mtu anayejisifu kwamba saa yake kuukuu "imefanywa mpya."

"Saa haifanywi mpya," huwafokea. "Hung'arishwa tu. Na kung'ara si upya."

Ana miaka hamsini na saba. Chumba chake cha kazi kina upana wa hatua nne: meza yenye ukingo ulioinuliwa ili skrubu zisidondoke, taa ya shingo ndefu, viti viwili vya wateja ambavyo havilingani, na dirisha linalotazama duka la vitambaa. Meza ni ya baba yake, aliyemfundisha kazi na aliyefariki miaka kumi na moja iliyopita. Pamoja na meza alirithi sheria mbili. Kwanza, kila anayefungua saa achore alama yake kwa sindano ndani ya kifuniko cha nyuma, na mwezi na mwaka, ili fundi atakayekuja ajue nani alipita. Pili, kisibadilishwe kipuri chochote bila mwenye saa kuambiwa. Alama ya baba ilikuwa kindoana. Ya binti ni nukta tatu, na hakupewa hadi alipofika miaka ishirini na miwili, kwa sababu baba hakugawa alama kama njugu.

Kwa ajili ya sheria hizo, wanaonunua saa za zamani humpitia yeye kwanza. Akisema "halisi," wananunua. Akisema "imeguswa," wanaaga. Na tuseme ukweli, jambo hilo limemvimbisha kichwa. Hupenda kutangaza kwamba chumba hiki hakijawahi kuharibu uso wa saa ya mtu, enzi za baba wala enzi zake, na mwenye ushahidi aulete.

Ushahidi uliletwa Jumanne asubuhi, umefungwa kwenye leso.

Aliyeushika alikuwa mjane wa dereva wa treni, mama wa miaka sabini na kitu, mwembamba, sauti yake kubwa kuliko mwili. Aliongozana na daktari wa meno, mteja wa siku nyingi, ambaye alitaka kuinunua saa ya marehemu.

"Shikamoo, mama," Bi Sekunde alisema.

"Marahaba, mwanangu. Nimeambiwa hakimu ni wewe."

"Mama ananihakikishia hakuna kilichobadilishwa," daktari alidakia. "Lakini nimeona tuje kwako."

"Mume wangu aliachiwa na baba yake, akaivaa miaka arobaini na mbili," mjane alisema. "Hakuwa mtu wa kubadilisha vitu. Hata mimi hakunibadilisha, na sababu alikuwa nazo."

Walicheka wote watatu. Bi Sekunde aliweka lenzi jichoni na kumwelekeza daktari kiti. "Wewe umezoea kutafuta meno yaliyooza, mimi natafuta ya bandia. Kaa huko, tusigombanie mgonjwa."

Alianza na kasha. Kingo zilikuwa bado kali. Hakuna aliyezisugua hadi zikawa duara. Kitufe cha kutia ufunguo kilikuwa kile kile cha kiwandani, na nembo yake imelika kwa miaka ya vidole. Alifungua kifuniko. Namba ya ndani ililingana na saa yenyewe, na vichwa vya skrubu vilikuwa safi, hakuna hata kimoja kilichotafunwa na bisibisi isiyo saizi yake. Na kwenye kifuniko, vimepangwa kwa miaka, palikuwa na vindoana vitano. Hakukuwa na alama ya fundi mwingine.

"Hii ni ya nyumbani," alisema, akitabasamu peke yake.

Ndipo akaigeuza kuangalia uso. Rangi ya kung'aa gizani iliyopakwa kwenye mishale ilikuwa imezeeka, imekuwa kama chai ya rangi. Ile iliyopakwa kwenye namba ilikuwa bado nyeupe kama maziwa yaliyoganda. Rangi mbili zilizotoka pamoja huzeeka pamoja. Uso huu haukuzaliwa na mishale hii.

Kama uso ulibadilishwa, ulibadilishwa katika chumba hiki, na mkono wa baba. Na mwenye saa alikufa akiamini ni halisi. Maana yake baba alimficha mteja, na maneno yote aliyowatangazia watu miaka yote hii yalikuwa upepo. Ingetosha kufunga kifuniko na kusema neno moja. Daktari asingejua, macho aliyoyategemea ni haya haya. Jina la baba lingebaki safi, na mjane angerudi nyumbani ameridhika.

"Vipi, hakimu?" mjane aliuliza.

"Ngojeni kidogo."

Alichomoa mishale, akalegeza skrubu mbili zinazoshika uso, akaunyanyua kwa kibano na kuugeuza. Nyuma yake palikuwa na kindoana, mwezi na mwaka, na chini maneno mawili kwa mwandiko wa baba ulioinama: *Mkono wangu.*

Aliusoma mwaka, kisha mwezi, kisha akavisoma tena.

Mwezi huo alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Baba alikwenda mazikoni siku mbili, akamwachia saa za kupiga vumbi kwa brashi kavu, brashi kavu tu. Moja ilikuwa na doa usoni. Yeye, kwa ujuaji, alichovya pamba kwenye dawa ya kusafishia mashine akafuta. Doa lilitoka, na namba tatu zikatoka nalo. Aliirudisha saa kwenye droo, akanawa mikono, akanyamaza. Baada ya wiki mbili aliiona imetundikwa tayari kuchukuliwa, namba zake zote kumi na mbili zimetimia. Alijiambia kwamba hofu ndiyo iliyolikuza jambo. Alijiambia hivyo hadi akaamini, na kisha akasahau.

Mwaka uliofuata baba alimpa nukta tatu. "Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi," alimwambia siku hiyo, na binti alishangaa, kwa sababu hakuona koleo lolote lililovunjika.

"Uso umebadilishwa," Bi Sekunde alisema. "Vingine vyote ni halisi. Uso si wake."

Daktari alishusha pumzi. Mjane alikunja uso, akafikiri, kisha akapiga goti lake kwa kiganja.

"Kumbe ndiyo ile! Fundi mzee alikuja kwetu, kofia mkononi. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, sikusikiliza vizuri, nikadhani ni kioo. Alisema mkono wake umeteleza, na ameagiza kingine kwa gharama yake. Mume wangu akamtania: 'Fundi, hata wewe unateleza?' Akajibu, 'Hata mimi.' Basi wakanywa chai, yakaisha."

Kwa hiyo sheria ya pili haikuvunjwa. Mteja aliambiwa kila kitu isipokuwa mkono ulikuwa wa nani.

Hapo pia angeweza kunyamaza. Baba alishasafika, na hakuna aliyekuwa anauliza.

"Mama," alisema, "hakuteleza yeye. Niliharibu mimi, nikaficha. Mimi mwenyewe sikujua kama alijua, hadi sasa hivi."

Mjane alivuta kiti karibu. "Ulikuwa na umri gani?"

"Ishirini na mmoja."

"Na hakukwambia?"

"Hakuniambia mpaka akafa."

Daktari alikohoa, akasema saa ataichukua, ila bei lazima ishuke. "Ishuke," mjane alisema bila kumgeukia.

"Kabla sijaifunga," Bi Sekunde alimwomba daktari, "naomba niandike kitu nyuma ya uso. Hakitaonekana."

Daktari aliitikia kwa kichwa. Bi Sekunde alichukua sindano bila haraka, maana baba hakupenda alama iliyochorwa kwa pupa. Kisha chini ya *Mkono wangu* alichora nukta tatu, na pembeni yake mwezi na mwaka ule ule wa zamani.

Alirudisha uso, akarudisha mishale, akatia ufunguo na kuiweka saa sikioni. Ilikuwa inatembea vizuri. Aliendelea kuishika pale sikioni huku machozi yakimtiririka, na wale wawili wakamwacha alie. Miaka kumi na moja alikuwa amekwenda kaburini kwa baba kumshukuru, na hakuna hata siku moja aliyokwenda kumwomba msamaha.