Anayepanga Upya Jana

Mtengeneza programu wa ofisi yetu hapa Mugumu hatumi kazi kabla hajaipanga upya historia yake. Kompyuta hutunza kila badiliko kwa mfuatano, naye huhamisha hili juu, lile chini, makosa akiyafukia, mpaka ionekane hajawahi kukosea tangu azaliwe. Anapofikiri, vidole vyake hucheza mezani na midomo hunong'ona Kikurya kama anayechagua ng'ombe wa mahari.

Leo wakulima wa Robanda walikuja kujaribu programu itakayowaarifu kwa simu kila tembo wanapokaribia mashamba. Kumbe hatua ya kutuma ujumbe alikuwa ameipandisha juu ya ile ya kusajili namba zao, eti ilipendeza ikitangulia. Programu ikagoma.

"Unamtumia nani?" akauliza Winfrida, bosi wetu. "Hao watu hujawasajili bado!"

Jamaa akazipanga tena hatua zake. Simu zikalia, wakulima wakapiga makofi.

"Na asubuhi ulichelewa kwa nini?"

Vidole vikacheza mezani. "Bosi, tembo walifunga barabara, nikasubiri weee. Halafu nikaamka."

Akasogeza kidole kimoja kushoto.

"Ngoja. Tuanze na kuamka."