Nguo Mbichi Juu ya Mizani

Sheria aliitunga yeye mwenyewe, akaiandika kwa kalamu nyekundu kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari: mtu hapandi mizani na nguo mbichi. Avue, ajifute mpaka akauke, avae bukta kavu ile ile aliyopimiwa nayo alfajiri, ndipo apande. Hakuna aliyebisha. Aliyesema ni Gramu, na katika ghala lile la nafaka, kwa miaka kumi na tisa, hakuna aliyeshindana na Gramu kuhusu uzito akashinda.

Jina hilo alipewa na wapakizi. Wakimletea gunia lililopungua, aliwarudisha nalo. Wakimletea lililozidi, aliwarudisha nalo pia. Kabla ya kupima kitu alipima kwanza kilichokibeba, akakitoa kwenye hesabu: gunia tupu, kreti, ndoo, hata kamba. Siku moja mfanyabiashara mnene alileta mahindi yaliyonyeshewa njiani, akadai mahindi ni mahindi tu. Gramu alimtazama kwa juu ya miwani.

"Mzee, hapa hatununui maji. Kayaanike, urudi kesho."

Wapakizi walicheka mpaka wakashikana mabega.

Ninayataja haya mapema ili asitokee wa kusema kwamba Gramu hakujua alichokuwa anafanya. Alijua kuliko mtu yeyote katika mji ule.

Kukimbia alianza kwa amri ya daktari. Alikuwa na miaka arobaini na sita, sukari imeanza kupanda, akaambiwa atembee. Alitembea, kisha akakimbia, na katika kukimbia akampata rafiki: mchomeleaji wa mageti na madirisha aliyekuwa na karakana ng'ambo ya barabara, mkabala na ghala, mtu mwembamba, mcheshi, mdogo kwake kwa miaka saba, ambaye watu walimwita Cheche. Kila asubuhi kabla ya kazi walikwenda pamoja mpaka mnara wa taa na kurudi. Cheche alizungumza njia nzima. Gramu alihesabu hatua.

Zilipotangazwa mbio za kilomita themanini kwenye barabara ya pwani, katika mwezi wa joto kuliko yote, Cheche ndiye aliyemshawishi. Wakajiunga na wengine watatu, na wote watano wakaenda kwa Nesi, mama mstaafu wa zahanati aliyewahi kuwachunga wakimbiaji. Waandaaji walitaka kila mshiriki alete barua ya mtu wa afya, na Nesi hakuwa mtu wa kutoa barua hovyo.

"Nisikilizeni, wanangu," aliwaambia, ingawa Gramu alikuwa na mvi. "Joto la huku si la bara. Hewa imeshiba maji. Jasho halikauki, linachuruzika tu mpaka viatuni, na jasho lisilokauka halimpoozi mtu. Unamaliza maji ya mwili na bado unaiva."

Sharti lake lilikuwa moja. Wangefanya mazoezi manne marefu, kila Jumapili ya pili, kila moja refu kuliko lililotangulia. Wangepimwa kabla na baada. Atakayepungua zaidi ya kilo mbili katika zoezi lolote atakwenda kwenye mbio fupi, ajaribu tena mwakani.

"Mimi sisaini karatasi ya kumpeleka mtu kaburini. Na msije kunililia."

Gramu aliomba ruhusa kwa mkuu wa ghala, wakapewa chumba cha mizani siku za Jumapili. Kilikuwa chumba kidogo chenye sakafu ya saruji, meza moja, na vumbi la unga lililoganda kwenye nyavu za dirisha. Waliingia mmoja mmoja kwa kusitiriana. Gramu alisoma, akaandika. Nesi alikaa nje kwenye benchi akipima mapigo ya moyo. Mwisho, wote wakishatoka, Gramu alijipima mwenyewe.

Zoezi la kwanza lilikuwa la kilomita thelathini. Walirudi saa tatu asubuhi, fulana zimegandamana na ngozi, chumvi imechora mistari myeupe kwenye kofia zao. Cheche alitoka mizanini akijipiga tumbo.

"Nimepungua kilo moja na gramu mia nane, na nimekunywa chupa saba! Sikilizeni tumbo, linacheza kama dumu garini."

Gramu alikuwa amekunywa vikombe vinne. Zaidi ya hapo tumbo lake lilikataa. Kila akizidisha alitapika kando ya barabara. Alifunga mlango, akajifuta, akavaa bukta kavu, akapanda. Alfajiri alikuwa na kilo sabini na moja. Sasa mizani ilisoma sitini na saba na gramu mia tisa.

Kilo tatu na gramu mia moja.

Alishuka, akapanda tena. Mizani ilikuwa nzima, aliitunza mwenyewe. Mezani fulana yake ilikuwa inadondosha maji sakafuni. Huko kazini alikuwa ameshawatangazia watu wote kuhusu kilomita themanini. Mkuu wa ghala alikuwa ameahidi kufunga siku hiyo ili wafanyakazi waende kumshangilia. Mkewe alikuwa ameacha kumcheka na kuanza kumfulia soksi bila kuombwa. Gramu aliiangalia fulana kwa muda. Kisha akaivaa, ikamshika mgongoni kama kitu cha baridi kilichokufa. Akavaa bukta iliyolowa juu ya ile kavu. Akavaa soksi. Akapanda.

Sitini na tisa na gramu mia tatu. Aliiandika hiyo.

Hivyo ndivyo mtu mwaminifu alivyoacha kuwa mwaminifu, katika muda wa kuvaa soksi mbili. Angeweza kuufuta mwandiko ule kabla wino haujakauka. Alifunika daftari akatoka nje, na Nesi alipolisoma akainua nyusi.

"Moja na mia saba? Kwa vikombe vinne?"

"Wewe si binadamu," Cheche alisema. "Wewe ni tangi."

Wote walicheka, na Gramu akacheka nao.

Zoezi la pili alifanya vile vile. La tatu vile vile, ila safari hiyo hakujisumbua hata kujipima akiwa mkavu, kwa kuwa hakutaka kujua. Mikono yake ilishazoea. Nesi aliwaonya wengine wasimfuatishe. "Huyu mwili wake umeumbwa kivyake. Nyinyi bakini na chupa zenu." Lakini daftari lilikuwa wazi mezani, na Cheche alijua kusoma tarakimu.

Alhamisi kabla ya zoezi la nne, Gramu alipita karakanani kwa Cheche baada ya kazi. Cheche alikuwa anaunga geti. Alipomwona aliinua kinyago, akazima mashine, akajifuta uso kwa mkono wa shati.

"Afadhali umekuja, kaka. Nataka kukuuliza kitu, lakini usinicheke."

"Uliza."

"Haya maji yananichelewesha. Nimebeba chupa kama muuza duka, na kila baada ya kilomita mbili natafuta kichaka. Wewe unakunywa vikombe vinne na unapungua kidogo kuliko mimi. Siri yako nini?"

Gramu alitazama geti. Lilikuwa na maua ya chuma, na moja bado lilikuwa jekundu kwa moto.

"Mwili unazoea," alisema.

"Kwa hiyo na mimi nipunguze?"

Hapo ndipo palikuwa na nafasi. Karakana ilikuwa kimya, wako wawili tu, na anayeuliza ni rafiki ambaye angemtania wiki moja kisha akasahau. Kilichotakiwa ni sentensi moja: nilipima fulana. Gramu aliifikiria sentensi hiyo, akaifikiria na barua ya Nesi, na wafanyakazi waliokwisha kupanga usafiri.

"Jaribu uone," alisema.

Nyumbani hakula. Mkewe alimtazama akizungusha kijiko.

"Una nini wewe leo? Umekaa kama mtu aliyefiwa."

"Joto tu, mama."

"Joto lilikuwepo na jana, na jana ulikula."

Jumapili waliondoka kabla jua halijachomoza. Zoezi lilikuwa la kilomita hamsini na tano. Cheche alikuwa na chupa mbili tu kiunoni, mwepesi, akiruka madimbwi na kuwaimbia mbwa wa walinzi. Kila mara Gramu alipogeuka alizitazama zile chupa. Saa mbili wakapita ukuta mrefu wa kiwanda cha saruji, upepo umekata kabisa, lami imeanza kunuka. Wenzao watatu walikuwa wametangulia. Kwenye kilomita ya arobaini Cheche aliacha kuzungumza.

Gramu aliona. Huo ndio ukweli aliousema baadaye bila kulazimishwa: aliona, akakimbia kilomita mbili nyingine akijiambia kwamba rafiki yake anapumzisha mdomo.

Kisha Cheche akasema, "Geti lile nimpelekee nani?"

"Geti gani?"

"Hili hapa. Zito. Nishikie upande huo."

Mikono yake ilikuwa imeinuliwa, imeshika hewa. Alipiga hatua nne za mlevi akaanguka kwenye kokoto kando ya barabara. Gramu alipomgusa aliirudisha mikono yake upesi. Ngozi iliwaka kama sufuria. Chupa moja ilikuwa bado imejaa.

Alimbeba mgongoni mpaka kituo cha mafuta, karibu nusu kilomita, akipiga kelele njia nzima. Wahudumu walimmwagia ndoo za maji, na mwenye gari dogo la mizigo akawakimbiza hospitali. Daktari alisema joto limepika misuli, na uchafu wake umeziba figo. Cheche alilazwa, akaunganishwa na mashine ya kusafisha damu.

Jioni ile mke wa Cheche alimshika Gramu mikono yote miwili pale kwenye korido.

"Shemeji, sina la kukulipa. Daktari anasema ungechelewa kidogo tu, sasa hivi mimi ni mjane."

Gramu alisema, "Usiseme hivyo, shemeji."

Jumatatu wapakizi walimpigia makofi getini. "Shujaa! Gramu amebeba kilo sitini bila mkokoteni!" Mmoja alimpa kiti. Alipita katikati yao ameinamisha kichwa, wakaona ni unyenyekevu. Aliingia chumba cha mizani akafunga mlango, na magunia yakangoja.

Jumatano Nesi alikuja ghalani na daftari. Alikuwa amepungua kwa siku tatu hizo. Alikaa kwenye kiti cha Gramu bila kukaribishwa, akafungua kurasa moja baada ya nyingine.

"Kosa ni langu, baba. Nilimwona alfajiri ana chupa mbili, nikasema atajaza njiani. Miaka thelathini na minne ya kazi hii sijawahi kumpoteza mtu kwa uzembe. Nimemwandikia mkewe barua ya kuomba radhi. Nataka na wewe uisome, kama maneno yamekaa vizuri."

Alimpa karatasi. Gramu aliisoma yote. Kila mstari ulibeba kosa la mtu mwingine. Aliirudisha.

"Usiipeleke," alisema. "Nilijipima na nguo mbichi. Mara zote tatu. Na yeye aliniuliza, nikamwambia ajaribu."

Nesi hakupandisha sauti. Alifunga daftari, akakunja barua yake mara nne.

"Utamwambia mwenyewe. Mimi hilo sikubebei."

Gramu alikwenda hospitali siku hiyo hiyo, bado na vumbi la unga nyweleni. Cheche alikuwa ameegemea mto, uso umevimba, mirija shingoni. Mkewe alikuwa anamlisha uji. Gramu alisimama miguuni mwa kitanda akasema yote kwa mpangilio, kama anayesoma orodha ya mizigo: kilo zilizokuwa kweli, kilo alizoandika, tofauti.

"Kwa hiyo ulikuwa unapima fulana," Cheche alisema.

"Na bukta. Na soksi."

"Hata soksi!" Cheche alicheka, kicheko kifupi cha zamani, kisha kikakatika. "Nilikuuliza, kaka. Nilizima mashine ili nikusikie vizuri."



Mke wa Cheche aliweka bakuli chini. "Ondoka," alisema. Safari hii hakusema shemeji.

Mbio zilikimbiwa na wale wengine watatu. Gramu alimwomba mkuu wa ghala amtoe mizanini, ampeleke kupakia. Akamweleza na sababu. Mkuu alimsikiliza, akasema mambo ya michezo si mambo ya ghala, na kwamba hajawahi kupata mpimaji mwaminifu kama yeye. Kwa hiyo bado anapima. Wapakizi sasa wanajua, na hakuna anayemtania. Wanaleta gunia, wanasubiri namba, wanaondoka. Ng'ambo ya barabara karakana imefungwa kwa mnyororo. Kila jioni Gramu hutoka kwa mlango wa nyuma.

Cheche alisafishwa damu kwa wiki tano. Figo zake zimepona nusu, na daktari amemkataza kukimbia na kufanya kazi yoyote karibu na moto. Ana miaka thelathini na tisa, na uchomeleaji ndio kazi pekee anayoijua.