Kunguni Asiyejulikana Mti Wake

Saa mbili na nusu asubuhi, Bi Kinuyo Tachikawa anavua viatu vya mvua, anavaa ndara, kisha anafuta miwani kwa pindo la aproni. Mezani pake pana kikaratasi kilichochongwa ncha, kitone cha gundi, na mdudu mdogo kuliko punje ya mchele.

Anachovya ncha ya pini kwenye gundi, anaifuta, anachovya tena. "Ikizidi, umemzamisha," anasema bila kuinua macho. "Ikipungua, kesho unamkuta sakafuni."

Kazi hii ya kubandika wadudu ameifanya miaka thelathini na minne, katika makumbusho madogo ya mji wa Kuremi, kwenye milima ya Shikoku, Japani. Sasa ana miaka sitini na minane. Analipwa yeni elfu moja na ishirini kwa saa, siku tatu kwa wiki. Wadudu waliopita mikononi mwake wanazidi elfu arobaini, na kati ya hao wote kumi na mmoja tu ndio wanaomkosesha raha.

Hao waliletwa miaka ishirini na sita iliyopita na mzee Okubayashi, mkata miti wa bonde la Nakatsuo, aliyependa wadudu kama wenzake walivyopenda kuvua samaki. Aliwafunga katika karatasi ya daftari iliyokunjwa pembetatu, na juu yake akaandika kwa penseli: mahali, tarehe, jina lake, na mti alikowatoa.

Kazi ya Bi Kinuyo ilikuwa kuyahamishia maneno hayo kwenye lebo inayochomekwa kwa pini chini ya mdudu. Lebo yenyewe ni kama ukucha wa kidole gumba. Msimamizi wa siku hizo alitaka mistari mitatu tu, iliyonyooka, ili makabati yapendeze. Mti ulikuwa mstari wa nne, basi ukaachwa.

Na zile karatasi?

"Nilizibeba nyumbani," anasema, sauti ikishuka. "Zilikuwa kavu, zinashika moto upesi. Tuliwashia kuni za maji ya kuoga. Baba watoto akawa ananisifu, eti najua kubana matumizi."

Hakuna aliyejali mpaka miaka minne iliyopita, Daktari Aiba, bingwa wa kunguni wa mimea, alipokuja kutoka chuo kikuu na kulifungua kabati la wale kumi na mmoja. Kunguni hawa si wale wa kitandani. Hufyonza maua na majani, na wengi wao hawaondoki kwenye aina moja ya mti. Kwa rangi wanafanana kama pacha. Daktari alichukua dume mmoja, akachemsha ncha ya tumbo lake katika dawa mpaka ikalainika, akaitazama kwa hadubini. Ndani palikuwa na kikulabu kilichojipinda mara mbili, ambacho hakuna kunguni mwingine anayejulikana kuwa nacho.

"Bibi, njoo uone! Huyu hana jina duniani!" aliita. "Alikuwa kwenye mti gani?"

Bi Kinuyo akaitazama lebo aliyoiandika kwa mkono wake mwenyewe: mistari mitatu tu.

Mzee Okubayashi alikuwa amefariki mwaka uliotangulia. Bi Kinuyo akapanda mlima mpaka kwa mjane wake, Bi Shima, ambaye sasa ana miaka themanini na tisa.

"Dada, hakuwahi kukutajia ule mti?"

"Alinitajia! Alinitajia miti yote ya dunia hii. Mimi nilikuwa namenya viazi, ningeshika upi?" Bi Shima akacheka, kisha akamkazia macho. "Wenzio wanafukuza kunguni, wewe unapanda milima kuwatafuta. Kunywa chai kwanza, umekonda kama pini zako."

Tangu hapo, kila mwezi wa sita, miti inapochanua, Bi Kinuyo huingia bondeni na fimbo na kitambaa cheupe. Anatandika kitambaa chini ya tawi, anapiga, anainama kutazama kilichoanguka. Lakini miti mingi ya zamani ilikatwa, pakapita barabara, na kwingine kukapandwa mierezi mitupu. Amepata kunguni wa kila namna, ila yule hajamwona.

Mwezi wa nne mwaka huu maelezo ya mdudu yalichapishwa katika jarida la kisayansi. Daktari alitaka kumpa mdudu jina la Bi Kinuyo.

"Langu? Kwa lipi? Kwa kuchoma karatasi?" Akang'ang'ania liwe la Okubayashi, na ndivyo ilivyokuwa. Ila ukurasa wa pili pameandikwa: mmea anaoishi haujulikani.

"Makumbusho mengi yalifanya hivyo siku hizo," Daktari Aiba humtuliza. "Usijitwishe peke yako, bibi."

"Hayo mengi, mzee Okubayashi hakuyaletea uyoga kila vuli. Mimi aliniletea."

Anachohofia ni kwamba mti ule umekwisha bondeni, na mdudu amepata jina wakati hayupo tena wa kuitwa.

Pamebaki mahali pamoja hajapatafuta: msitu wa hekalu, wenye miti mikongwe ambayo hakuna ruhusa kuipiga fimbo. Mwezi uliopita Bi Shima alimfuata kuhani mwenyewe. "Mume wangu alikupasulia kuni za sherehe miaka arobaini bila kudai hata kikombe cha pombe ya sake," akamwambia. "Leo unamnyima tawi?" Kuhani akakubali, kwa sharti kwamba matawi yatikiswe kwa mkono, polepole.

Bi Kinuyo amekwisha kuihesabu: miti sitini na miwili. Kwa mkono ataweza miti sita kwa siku, na maua hudumu kama siku kumi.

"Nitafika, mradi mvua isinyeshe," anasema, kisha anacheka mwenyewe, maana huko Kuremi mwezi wa sita ndio mwezi wa mvua.