Fundi Saa na Gunia la Chumvi Nafuu

Mume wangu ni fundi saa, na ugonjwa wake ni kushuku watu. Akinunua maziwa, anayanusa mbele ya muuzaji. Anachokiamini ni tangi lake la kioo pale sebuleni, lenye samaki sita na matumbawe hai aliyoyalea miaka tisa. Watoto wetu hawakuwahi kutazamwa vile, na nimemwambia.

Kila Jumamosi hutoa ndoo ya maji ya zamani, akatia mapya yenye chumvi maalumu ya tangi. Chumvi hiyo ilipopanda bei, mdogo wangu wa kiume, anayefanya kazi ghalani, akamletea gunia la aina nyingine kwa nusu ya bei.

"Nusu? Kwa nini?"

"Haina mbwembwe, shemeji. Gunia tu, hakuna picha ya samaki."

Baada ya wiki saba matumbawe yakajikunja, yale ya zambarau yakaanza kupauka. Lo! Mume wangu akaivaa lenzi yake ya saa, akakagua chumvi punje kwa punje juu ya meza yangu.

"Imechanganywa na ya jikoni. Shemeji kaniibia mchana kweupe!"

"Ndugu yangu si mwizi!"

"Basi nani kaiharibu, malaika?"

Palepale akampigia simu, akamwita tapeli, akamwambia asikanyage kwetu tena. Ndugu niliyebaki naye duniani ni huyo mmoja tu. Siku mbili sikumsemesha mume wangu.

Siku ya tatu nikamwambia, "Baba watoto, hebu changanya nikuone." Akachota vikombe vitatu kwa ndoo, kama alivyochota miaka yote. Mimi naoka keki za kuuza, najua kikombe kinavyodanganya. Chumvi ya zamani ilikuwa laini kama unga. Hii ina punje nene, na katikati ya punje nene ni hewa tupu. Nikaleta mizani. Kikombe cha mabaki ya zamani, gramu mia mbili thelathini. Cha mpya, mia moja sabini.

"Maji umeyapunja chumvi mwenyewe," nikasema.

"Mizani yako nzima?"

Nusura nimrushie. Akaenda kuleta ya kwake ya kazini, nayo ikasema yaleyale. Akaketi, akapiga hesabu upya. Kwa uzito uleule, lile gunia lilikuwa nafuu kwelikweli.

Tukaongeza chumvi kidogo kidogo kwa siku kumi, matumbawe yakafunguka. Akapiga simu kuomba radhi. Jumapili mdogo wangu akaja, akala, akacheka nasi. Mume wangu, kwa furaha, akamuuliza gunia jingine atalileta lini.

"Nitakuelekeza duka, shemeji. Utanunua mwenyewe."

Huyu hakuwahi kuja kwangu bila kitu, hata kama ni kipande cha sabuni. Siku hizi anakuja mikono mitupu, na mkate wa chai nanunua mwenyewe.