Alama ya Njano kwenye Bolti ya Klachi

Sasa niambieni, pikipiki ya theluji inatafuta nini Doha? Lakini mteja kaitaka, kaletewa mpya ndani ya kreti, eti aipandishe matuta ya mchanga. Kazi ya kuikagua ikamwangukia Silvesta Wafula, fundi wa Bungoma ambaye barafu aliijua ya kwenye glasi tu.

Ilikuwa Novemba 2014, asubuhi ya safari yake. Miaka miwili na miezi minne hajamwona mkewe Milka wala binti yao Damaris. Ndege ilikuwa ya saa sita mchana, na bado mudiri, meneja wao, alimfanyisha kazi hadi saa tatu. Jamani, mtu alikuwa amechoka mpaka kwenye kucha.

Pale karakana sheria ilikuwa moja: ukishakaza bolti kwa spana ya kipimo, unaichora mstari wa njano, na yenye mstari haiguswi tena. Lakini kalamu ya rangi ikifunguliwa kwenye lile joto hukauka upesi. Basi Silvesta alijizoeza kuzichora bolti zote kwanza, ndipo azikaze. Ujanja wa mafundi, na haukuwahi kumletea balaa.

Walikuwa wamekaribia uwanja wa ndege, dereva wao Maurice akimtania kwamba Milka hatamtambua kwa kukonda, Silvesta alipojishika kichwa.

"Mungu wangu! Bolti ya klachi!"

Ile ya pikipiki ya theluji aliichora, mudiri akamwita asaini karatasi za likizo, akarudi akafunga kifuniko. Kukaza, hakukumbuka. Na bolti ile ikilegea mashine ikiwa mbioni, klachi huchomoka na kupasua kifuniko, na paja la mwendeshaji liko papo hapo.

Akampigia mudiri mara nne, kimya. Simu za mafundi zilifungiwa kabatini hadi saa ya chakula, na mteja alikuwa anakuja saa tano.

"Labda ulikaza," Maurice akasema. "Mkono wa fundi hausahau."

"Wangu umesahau. Geuza gari."

"Na ndege je, kaka?"

"Geuza, bwana!" Machozi yalikuwa yanamlenga, wala hakuyaficha.

Walimkuta Fabian, fundi mwenzake, akiipangusa mashine vumbi. Silvesta akafungua kifuniko, akatia spana. Bolti ikazunguka kirahisi, robo, nusu, nusu tena, ndipo spana ikalia tak, kipimo kimetimia.

"Funga ujiendee zako," Fabian akamnong'oneza. "Nani ameona?"

Lakini asubuhi ile alikuwa amechora mashine nyingine tatu, nazo hakuwa na hakika kama alizikaza. Akaenda kwa mudiri akasema yote. Mudiri hakufoka. Aliamuru zote zifunguliwe, kisha akatazama saa ukutani. Ndege hiyo asingeiwahi tena, na tiketi nyingine ya kampuni ingepatikana msimu wa michezo ya mchangani ukiisha, mwezi wa nne.

Silvesta akampigia Milka, aliyekuwa kwa dada yake Nairobi alikokwenda kumpokea.

"Mama Damaris, siji. Ni mpaka mwezi wa nne."

"Kuku tumeshachinja," Milka akasema.

"Kuleni."

"Na firigisi?"

Kwao firigisi ni ya baba wa nyumba, mwingine haionji. Silvesta aliketi juu ya sanduku lake la safari.

"Mpe Damaris," akasema.